Kuvua Trauti kwa Nzi Bandia kwenye Maziwa ya Visiwa vya Uskoti: Hatua kwa Hatua

Kila ikifika Aprili simu yangu hujaa maswali yaleyale. Leseni inakatwa wapi? Fimbo ninunue ya bei gani? Nitie mnyoo? Mbona nimesimama majini kutwa nzima sijaona hata mkia? Wengi wanaouliza ni wenzetu waliohamia Glasgow, Edinburgh na Aberdeen, watu waliokulia kando ya bahari au ziwa na wanaojua kuvua tangu utotoni. Uvuvi wa huku ndio unaowapiga chenga. Jibu langu kwa wote ni hili.

Kwanza weka kando mazoea ya mshipi wa mkono. Kule nyumbani chubwi ndiyo inayopeleka ndoana mbali. Huku hakuna chubwi. Nzi bandia ni manyoya na nyuzi zilizofungwa kwenye ndoana ndogo, mwepesi kama unyoya uliodondoka, humrushi hata hatua tatu. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na una uzito wake, naye nzi anafuata nyuma kama mkia wa tiara.

Samaki tunayemtafuta ni trauti wa kahawia, mzaliwa wa hapo hapo, si wa kufugwa. Waliovua Mto Gura kule Aberdare wameshakutana na jamaa zake: mayai ya trauti wa kwanza wa Kenya yalitoka ziwa Loch Leven, Uskoti, mwaka 1905.

Vitu vya kuwa navyo

- Fimbo ya futi 10, ya mshipi namba 6 au 7 (namba ni uzito wa mshipi). Iliyotumika inatosha kabisa. Fimbo fupi za mitoni zitakuchosha kwenye upepo wa visiwani.
- Rili yoyote inayozunguka bila kukwama. Usimwage pesa hapa.
- Mshipi wa kuelea wa namba ileile iliyoandikwa kwenye fimbo. Kama kuna mahali pa kutumia pesa, ni hapa.
- Nailoni ya kuunganisha mshipi na nzi, inayohimili ratili 5 au 6. Wanaoanza hununua nyembamba wakidhani samaki haoni. Kwenye maji yenye viwimbi haina faida yoyote, inakatika tu.
- Nzi wachache, nitawataja hapa chini.
- Miwani na kofia. Hivi si urembo: ndoana inapita karibu na jicho lako mara mia tano kwa siku.
- Mabuti ya mpira, koti la mvua la kweli, na chandarua cha kichwani cha kuzuia usubi.
- Mkasi mdogo, koleo nyembamba ya kutolea ndoana, na kimia cha mkono.

Suruali ndefu ya mpira ya kuingilia majini ni hiari. Nitaeleza kwa nini nisingekushauri kuinunua mwaka wa kwanza.

Kuhusu nzi, dukani watakufungulia visanduku mpaka macho yakuume. Nunua aina sita, mbilimbili au tatutatu, ndoana namba 10 na 12: Bibio, Black Pennell, Kate McLaren, Soldier Palmer, Ke-He na Invicta. Nne za mwanzo zitakutosha kisiwa chochote. Ke-He ni ya Orkney, visiwa vya kaskazini, jina lake ni vipande vya majina ya wavuvi wawili, Kemp na Heddle. Invicta ina rangi ya njano na huvua vizuri jioni za Julai, wale wadudu wenye mabawa kama paa la nyumba wanapotoka majini. Ukiona iitwayo Zulu, nyeusi yenye mkia mwekundu, ichukue pia. Inavua, na jina lake litakupa la kuzungumza na wazee wa pale.

Kumbuka kwamba hakuna nzi hata mmoja kati ya hao anayefanana sawasawa na mdudu fulani. Ni vitu vyeusi au vyekundu vyenye manyoya yanayotikisika majini, na trauti wa visiwani, ambaye msimu wake wa kula ni mfupi, haulizi sana.

1. Chagua ziwa kabla ya kuchagua samaki

Maziwa ya visiwa ni ya namna mbili, na tofauti iko kwenye udongo. Bara ya ndani ya Lewis na Harris, visiwani magharibi, imefunikwa na udongo mweusi wa mboji, ule ambao wenyeji huukata vipande, wakauanika na kuuchoma kama kuni. Maji yake yana rangi ya chai ya rangi na hayana chokaa. Chakula ni kidogo, kwa hiyo trauti ni wengi, wadogo, weusi, wenye njaa. Mwenye robo kilo ni wa kawaida.

Upande wa magharibi wa kisiwa cha South Uist mambo ni mengine. Upepo wa Atlantiki umerundika pale mchanga wa makombe yaliyosagika, ndio nyanda ziitwazo machair kwa Kigaeli. Chokaa ya makombe inaingia majini, vijikamba na konokono wanastawi, na trauti anakua mnene, wa rangi ya dhahabu, nusu kilo na zaidi. Loch Bornish, Loch Grogarry na Loch Stilligarry zina sifa hiyo. Orkney nayo ina maziwa manono, na Loch of Harray, kubwa kuliko zote kisiwani, ni ya kina kifupi na mawe mengi, kwa hiyo hata asiye na boti anavua.

Anayeanza aende kwenye maziwa ya mboji. Najua, kila mtu anataka samaki wa picha. Lakini kwenye ziwa dogo la Lewis utaguswa mara kumi kwa siku, na kila mguso ni somo. Kwenye machair unaweza kurudi siku tatu mikono mitupu usijue ulikosea wapi.

2. Kibali na kalenda

Uskoti haina leseni ya kitaifa ya kuvulia kwa fimbo kama ilivyo England, isipokuwa kwenye bonde la Mto Esk mpakani. Hiyo haina maana kwamba unavua popote. Kila maji yana mwenyewe, na unahitaji ruhusa yake: kibali cha siku au cha wiki, kinachouzwa dukani, hotelini au mtandaoni. Sheria ya mwaka 2003 inayokuruhusu kutembea karibu kila mahali nchini humo haigusi uvuvi. Shetland, chama cha wavuvi kinauza kibali kimoja kinachofungua mamia ya maziwa. Orkney ina desturi yake ya kale tangu enzi za Wanorse, watu wa Skandinavia, maziwa mengi ni wazi kwa kila mtu, ila jiunge na chama chao cha wavuvi wa trauti, kwani ndicho kinachoyatunza.

Msimu unaanza 15 Machi na kuisha 6 Oktoba. Machi na Aprili ni baridi tupu. Panga safari mwishoni mwa Mei, Juni, au kuanzia katikati ya Agosti hadi Septemba. Juni ina raha yake: saa tano za usiku bado unaona nzi wako juu ya maji.

Halafu Jumapili. Sheria inakataza kuvua samoni na trauti wa baharini siku hiyo. Trauti wa kahawia hakutajwa, lakini Lewis na Harris ni nchi ya watu wanaoishika Sabato, na vibali vingi vya huko haviruhusu. Hata pale visiporuhusu wala kukataza, usiende. Wewe ni mgeni, na wanakijiji wanakuona kutoka dirishani.

3. Funga kila kitu nyumbani, mezani, mikono ikiwa na joto

Anza na nzi wawili. Watatu ndio desturi ya huko, ila upepo utawasuka nywele kabla hujanywa chai.

Kata nailoni futi 6, uifunge kwenye ncha ya mshipi. Chukua kipande kingine cha futi 6. Laza vipande viwili sambamba, vipishane inchi kama nane, piga tanzi kwa vyote viwili pamoja, kisha pitisha ncha ndani ya tanzi mara tatu. Lowesha fundo kwa mate, vuta polepole mpaka likaze. Sasa una mikia miwili imetokeza. Kata ule unaoelekea juu. Unaoelekea chini, ambao ni mwendelezo wa kipande cha juu, uache inchi tano, huo ndio wa kufungia nzi wa juu. Ukikosea ukakata ule mwingine, siku fundo litakapoteleza samaki ataondoka na nzi wako wa juu.

Nzi wa juu awe mwenye manyoya mengi, Soldier Palmer au Ke-He. Wa mwisho awe mwembamba, Black Pennell. Vile vijimiba vya ndoana vinavyoelekea nyuma, vibane kwa koleo vilale. Samaki hatapotea zaidi kwa ajili hiyo, na siku ndoana itakapoingia kwenye sikio lako utanishukuru.

4. Jifunze kurusha kwenye nyasi

Nenda uwanjani na kipande cha uzi wa sufu nyekundu badala ya nzi. Toa mshipi mita nane, ulale mbele yako umenyooka. Inua fimbo taratibu kisha kwa nguvu zaidi, isimame ghafla ikiwa imeinama kidogo tu nyuma ya kichwa chako. Ngoja. Hapa ndipo wote wanapokosea: hawangoji. Mshipi unahitaji muda kunyooka nyuma yako, na ukiwahi kuurudisha utasikia mlio kama wa mjeledi. Mlio huo ni nzi wako amekatika. Geuza shingo utazame nyuma, hakuna aibu. Ukiona mshipi umenyooka, sukuma mbele na usimamishe tena.

Mita nane hadi kumi zinatosha. Sikutanii. Kwa vile sisi tumezoea kutupa mbali kwenye kilindi, tunaona mita nane ni mchezo wa watoto, na hilo linanileta kwenye hatua ambayo ndiyo sababu ya mwongozo huu.

5. Ukifika, usiingie majini

Safari yangu ya kwanza Lewis nilivaa suruali yangu mpya ya mpira, nikaingia ziwani mpaka kiunoni, nikarusha kuelekea katikati kwa nguvu zote. Saa nne nzima. Mzee mmoja akaja na mbwa wake, akasimama kwenye nyasi hatua tatu nyuma ya ukingo, akarusha mshipi usiozidi mita sita, palepale nilipokuwa nimepita kuingia. Akatoa trauti. Akasogea hatua mbili, akatoa mwingine. Hakuniambia neno, na sikuhitaji kuambiwa.

Trauti wa maziwa haya anakula kwenye maji ya mita moja hadi mbili, ambako mwanga unafika chini na wadudu wapo. Mara nyingi hiyo ni kando kabisa, karibu na buti lako. Ukiingia majini unamfukuza samaki uliyemfuata, kisha unarusha mahali ambapo hayupo. Kwa hiyo simama nyuma ya ukingo, inama kidogo ikiwa jua liko nyuma yako na kivuli chako kinaangukia maji, na mrusho wa kwanza uwe wa mita nne tu, sambamba na ufuko. Wa pili mita sita. Ndipo urushe mbele.

6. Soma upepo

Maji shwari kama kioo ni mabaya. Samaki anaona kila kitu, pamoja na wewe. Unataka viwimbi, na mawingu juu. Na usubi, ambao siku ya shwari watakufanya ulie kweli, hawaruki upepo ukizidi kilomita kumi na kitu kwa saa. Basi upepo usikuudhi.

Anza upande ambao upepo unatoka mgongoni au begani. Anayetumia mkono wa kulia autake upepo utoke kushoto, ili nzi apelekwe mbali na uso wake. Ukitoka kulia, badili upande wa ziwa, usibishane nao. Ukishajiamini, nenda ufuko wa joshi, ule unaopigwa na mawimbi, kwa sababu upepo unasukuma chakula kuja huko. Kurusha ni kugumu, ila mita tano zinatosha. Tafuta pia mijongeo ya povu: ile mistari mirefu ya maji laini kati ya viwimbi hukusanya wadudu walioanguka, na trauti hupita humo kama mtu anayekula huku anatembea barabarani.

7. Vuta, inua, tulia

Nzi wakitua, bana mshipi kwa kidole cha shahada cha mkono ulioshika fimbo, na kwa mkono mwingine vuta vipande vya inchi sita hivi. Usivute haraka sana. Mshipi usilegee hata mara moja.

Ukibakiwa na mita nne au tano, acha kuvuta na anza kuinua fimbo polepole. Nzi wa juu atapanda mpaka usoni mwa maji na kuanza kukwaruza viwimbi, akiacha alama ndogo kama ya herufi V nyuma yake. Mwache hapo. Hesabu moja, mbili, tatu. Yule wa chini anazama na kuning'inia. Trauti aliyekuwa akifuata tangu mwanzo bila kuamua huamua sasa: maji yanavimba, unaona ubavu wa shaba unageuka, na mkono unashtuka kabla ya akili. Nusu ya samaki wangu wamekuja katika sekunde hizo tatu, na wanaoanza karibu wote huwa wameshang'oa nzi majini kwenda kurusha tena.

Kisha songa. Mirusho mitatu au minne, halafu hatua mbili kando. Hapa si kama kutega kwenye mwamba na kusubiri samaki aje. Wewe ndiye unayemwendea.

8. Akidaka

Inua fimbo kwa uthabiti, si kwa kishindo. Mshipi ubaki umekaza. Akikimbia, mpe. Akitulia, vuta. Lowesha mikono kabla ya kumgusa, maana mkono mkavu unamng'oa ute unaomkinga. Ukitaka kumrudisha, mtoe ndoana akiwa ndani ya maji na umshike akielekeza kichwa kwenye viwimbi mpaka aondoke mwenyewe. Ukitaka wa kula, chukua mmoja au wawili wa kutosha sufuria, ikiwa kibali kinaruhusu, uwaue papo hapo. Wa maziwa ya machair nyama yake huwa ya rangi ya waridi kwa ajili ya vijikamba anavyokula. Chumvi, ndimu, kikaango.

Ukimtoa samaki mweupe wa fedha, mwenye magamba yanayobanduka, kwenye ziwa lenye mfereji wa kwenda baharini, huyo huenda ni trauti wa baharini. Ana kibali chake tofauti. Mrudishe.

Ukipata boti

Nenda na anayejua. Boti inaachwa ikae ubavu kwa upepo na kusukumwa taratibu, na nanga ya kitambaa, iliyoundwa kama mwavuli, inaburutwa majini ili isikimbie. Mnarusha mbele kule upepo unakoelekea, mirusho mifupi. Msisimame. Jaketi la kuokolea maisha linavaliwa, halikaliwi. Maji ya huko hata Julai ni baridi ya kukukata pumzi.

Mambo yakienda kombo

*Nailoni ina vifundo visivyofungwa na mtu.* Ni vya upepo na papara. Unasukuma fimbo mbele mapema au kwa ghafla. Kata, funga upya. Kifundo kidogo hicho kinapunguza nguvu ya nailoni karibu nusu.

*Samaki wanagusa lakini hawanasi.* Mara nyingi mshipi una ulegevu, au fimbo umeielekeza juu wakati wa kuvuta. Ishushe ielekee nzi. Ikiendelea, badili kwenda ndoana ndogo zaidi, namba 14. Kagua pia ncha: pengine uligonga jiwe nyuma yako na imevunjika. Nimewahi kuvua saa nzima kwa ndoana isiyo na ncha, nikilaumu samaki.

*Hakuna mguso wowote kwa saa mbili.* Usibadili nzi. Badili mahali. Tembea kwenda ziwa la pili, Lewis lipo dakika kumi mbele.

*Shwari imeingia.* Toa nzi wa juu, bakiza mmoja mdogo mweusi, refusha nailoni, vuta kwa mwendo wa kobe. Au kaa ule mkate wako ndani ya chandarua.

*Nzi amenasa chini.* Usivute kwa fimbo, utaivunja. Ielekeze moja kwa moja kwenye nzi, shika mshipi kwa mkono, rudi nyuma.

*Ardhi inatikisika unapokanyaga.* Hicho ni kinamasi chini ya nyasi. Kijani kibichi sana kinachong'aa usikikanyage, pita penye majani ya rangi ya kahawia, na uwe umemwambia mtu unaelekea ziwa lipi, maana simu huko haishiki.

*Kuna kupe mguuni.* Mbane karibu na ngozi kwa kibanio, mvute wima bila kumzungusha. Kupe wa huko wanaweza kuleta ugonjwa wa Lyme, kwa hiyo ukiona baada ya siku kadhaa duara jekundu linatanuka, nenda kwa daktari na umwambie ulikuwa wapi.

*Feri imefutwa kwa upepo.* Itafutwa. Weka siku moja ya akiba mwisho wa safari, na usiifungashe fimbo kabla feri haijang'oa nanga.